Maji Niliyodai Nimekunywa Lionja

Acheni nijicheke mwenyewe kwanza kabla hamjanicheka nyie, maana aibu iliyonipata mwaka jana pale Nachingwea mpaka leo nikiikumbuka natamani kujifunika shuka. Mimi karani mpya wa halmashauri, kidato cha nne nimemaliza, mambo ya polepole siyawezi, nikatumwa niende Lionja na baiskeli nikawaulize wanakijiji ni jambo gani mbunge akalisemee kwanza bungeni. Jua lile, mchanga ule (na baiskeli yenyewe haina breki!), nikaona ya nini, nikakaa zangu kwa muuza chai nikaandika mwenyewe: Lionja wanaomba ghala la korosho. Nani asiyetaka ghala?

Siku ya mkutano mwenyekiti wa halmashauri akaisoma orodha ya maombi ya kila kijiji mbele ya mbunge na wanavijiji. Alipofika kwenye jina la Lionja, akasimama mama mmoja wa huko, Bi Somoe, kanga kaikaza kiunoni.

"Ghala tunalo, wanalala popo. Nani kawaambieni hayo?"

Mwenyekiti akaninyooshea kidole. Na mimi, badala ya kukiri, eti, "Mama, nilifika, mkanikaribisha vizuri sana."

"Tulikupa nini, mwanangu?"

"Maji ya kunywa," nikajibu haraka (si ndiyo anayopewa mgeni popote?).

Watu wa Lionja waliangua kicheko mpaka wengine wakakaa chini.

"Kwetu mgeni tunampa muhogo mbichi atafune!" akasema Bi Somoe. "Maji tunayafuata alfajiri, tunarudi jua la utosi. Tunataka kisima, huyu katuandikia ghala!"

Mbunge hakucheka. Akasema anasafiri keshokutwa, orodha ya uongo haibebi, na kijiji kisichoandikwa kitasubiri mwakani. Mwenyekiti alivyonitazama, nikajua kibarua kinaota nyasi.

Kesho yake alfajiri niko Lionja kweli, nyuma ya Bi Somoe, ndoo kichwani, tunashuka bonde tunapanda bonde. Kurudi, nusu ya maji yameniishia mgongoni, wanawake hoi kwa kucheka.

"Karani, hata nyumbani hujayafikisha, bungeni utatufikishia kitu wewe?"

Jioni nikaandika upya, kisima juu kabisa, nikampelekea mbunge mwenyewe.

"Hayo maji yako mbali kiasi gani?" akauliza.

"Ndugu Mbunge, shingo haigeuki."

Akaikunja karatasi, akaitia mfukoni. Kisima bado hatujakiona, na Bi Somoe kila akija mjini anapitia ofisini kuuliza. Namjibu, "Sijui, mama," kwa sababu kweli sijui, na kumtungia jibu tena, wallahi, sithubutu.