Mwaka wa Magoti Mabovu

Siku yangu ya kwanza ofisini nilikabidhiwa ufunguo wa stoo, filimbi, na mpira usio na upepo. Nilikuwa nimetoka kufundisha darasa la nne kule Kirando, ziwani, nikahamishiwa Sumbawanga mjini kuwa msaidizi wa michezo, upande wa netiboli. Afisa Utamaduni wa Wilaya, mzee mwembamba aliyevaa koti hata saa sita mchana kwa baridi yetu ya huku juu, alinitazama nikiijaribu ile filimbi. Akasema, "Mwalimu Felista, shika jambo moja. Filimbi haina mkwe wala shangazi." Nikaliandika neno lile kwenye jalada la daftari langu. Lilikuja kunisumbua kuliko mwenyewe alivyodhani.

Ninyi wa siku hizi mnakuta uwanja umekwisha pigwa rangi. Sisi tulichora mistari kwa majivu, na upepo wa Ufipa mnaujua: kufika robo ya pili mstari umehamia shamba la jirani. Nguzo zilikuwa mikaratusi, pete tulipindiwa na fundi kwa nondo. Kwa asiyeujua mchezo, kila timu ina wachezaji saba, kila mmoja na herufi zake kifuani. GS ni mfungaji, hukaa karibu na pete. GK ni mlinzi wa timu pinzani, naye kazi yake ni kusimama futi tatu mbele ya mfungaji na kuinua mikono juu ya kichwa cha huyo mfungaji amzibie. Shikeni hapo pa kuinua mikono, maana ndipo kisa kilipo.

Zilikuwa enzi za ruksa. Mitumba imejaa sokoni, maduka ya watu binafsi yanafunguliwa kila kukicha, na huku serikalini watumishi wanapunguzwa. Michezo ilikuwa ya kwanza kuonekana anasa. Ndipo akaja Dada Helen, mwalimu wa netiboli kutoka Uingereza, kujitolea kwetu mwaka mmoja. Afisa Elimu wa Wilaya, mama wa maneno machache, aliniita akanieleza bila kuzunguka: mwisho wa mwaka wakubwa wa Helen watakuja kutazama mechi ya kufunga mwaka. Wakiona wenyeji tunaweza kuendesha ligi wenyewe, nafasi yangu inabaki. Wasipoona, jina langu linaingia kwenye orodha ya wanaopunguzwa. Nilikuwa mjane mwenye watoto watatu, sikuhitaji kuelezwa mara mbili.

Helen alikuwa mchapakazi. Alijifunza Kiswahili upesi, alikula ugali wa ulezi bila kukunja uso, na alinifundisha uamuzi mpaka nikaacha kupuliza filimbi kwa woga. Kosa lilikuwa langu, na lilianza wiki ya pili. Alimpanga msichana mmoja kuwa GK dhidi ya mama mkwe wake, naye msichana akasimama mikono nyuma, kichwa chini, mpaka mechi ikaisha. Wengi wetu tulilelewa hivyo: mkono wako haupandi juu ya kichwa cha mkwe. Helen akaniuliza kulikoni. Ningemwambia ukweli siku ile, yangekwisha. Lakini niliona haya. Niliogopa ataandika kwamba sisi ni watu wa mila tusiofundishika. Nikamjibu kwamba msichana anaumwa goti.

Uongo ni kama mbuzi wa kufugwa ndani, kila siku unataka majani. Nikaanza kuandika kwenye daftari langu nani kaolewa wapi, nani mkwe wa nani, kuanzia Izia hapa mjini mpaka Wampembe kule ziwani. Kabla ya kila mechi nilipita kwa manahodha nikipanguapangua herufi ili wakwe wasikutane penye pete, na Helen akiuliza, jibu ni goti. Masikini, aliamini. Alileta bandeji, akaleta dawa ya kuchua, akawa anawaamsha wachezaji alfajiri kwa mazoezi ya kuimarisha magoti. Siku moja alinisomea rasimu ya ripoti yake. Ukurasa mzima ulieleza udhaifu wa magoti ya wanawake wa Ufipa, akihisi labda ni ugumu wa ardhi au kupanda milima na kuni kichwani. Mwisho aliandika kwamba yeye binafsi ameshindwa kufundisha ulinzi. Alisoma sentensi ile kwa sauti ndogo. Nilijisikia vibaya sana, na bado mechi iliyofuata jibu langu likawa goti.

Mechi ya kufunga mwaka ilikuwa Izia na Kirando. Siku hiyo mwamuzi nilikuwa mimi, na mwamuzi haruhusiwi kwenda kuongea na timu, kwa hiyo orodha ya Izia aliipanga Helen peke yake. Nilipopuliza kuanza nikaona alichokifanya. GK wa Izia ni Yustina, binti mwembamba mwenye mbio. GS wa Kirando ni Mama Generosa, mwanika dagaa mwenye mikono mirefu, aliyezaa mapema na kucheza mpaka ukubwani. Yustina alikuwa ameolewa na mwana wa kwanza wa kiume wa huyo mama. Pembeni wameketi wageni wawili wa Helen na kalamu zao, na kati yao Afisa Elimu.

Yustina akarudisha mikono nyuma. Mama Generosa akafunga la kwanza, la pili, la tatu, la nne. Watu wa Kirando waliacha hata kushangilia. Helen alimwita Yustina kwa jina, akamwonesha ishara ainue mikono, na Yustina akazidi kuinama. Mpira wa tano ulipomfikia, Mama Generosa hakurusha. Aliushika tu. Kanuni inasema ukikaa na mpira zaidi ya sekunde tatu ni kosa, nami nikapuliza.

Akaniletea mpira mpaka mkononi. "Mwalimu, nimechoka kufunga kama naokota kuni peke yangu," akasema. "Wewe unajua kwa nini huyu hanizuii. Mgeni wenu hajui. Mwambie."

Nilisimamisha saa. Nadhani zilikuwa hatua kama ishirini mpaka pale walipokuwa Helen na wageni wake, na katika hizo nilishajiona nimepunguzwa kazi. Nikamweleza Helen mbele ya wote: habari ya wakwe, habari ya mikono, habari ya daftari.

"Na magoti?" Helen akauliza.

"Magoti ni mazima, Dada Helen. Yote. Mwaka mzima."

Akakaa chini kwenye nyasi akaanza kucheka, na machozi yakamtoka, na katikati ya kicheko akasema, "Nilidhani ni mimi. Mwaka wote nilidhani ni mimi." Hapo ndipo nilipoelewa mzigo niliokuwa nimemtwisha.

Uwanjani mambo yalikuwa yanajimaliza yenyewe. Mama Generosa alimshika Yustina kifundo cha mkono, akauinua mkono ule juu ya kichwa chake mwenyewe, watu wote wakiona. "Nimekuruhusu mimi," akamwambia. "Tukitoka hapa tutaamkiana. Humu ndani nizuie."

Yustina alimzuia. Mpira wa kwanza aliudokoa kwa ncha za vidole, na kelele zilizopigwa nadhani zilifika Kirando kabla ya wachezaji wake. Izia walishindwa kwa goli moja, hakuna aliyejali.

Afisa Elimu aliniita pembeni. "Umetudanganya mwaka mzima, Mwalimu, na hilo nitaliandika kwenye faili lako," akasema. "Lakini anayejua nani mkwe wa nani Ufipa nzima, nimtoe kwenye michezo nimweke nani?" Shukrani yangu ikawa kumwamkia mara ya pili siku hiyo hiyo, sikujua lingine la kufanya. Nilikwenda nyumbani mwepesi. Watoto waliniuliza kama tumeshinda.

Helen alikaa siku tatu akiandika ripoti upya. Ukurasa wa magoti aliuchana akanipa vipande niwashie jiko. Asubuhi ya kuondoka, stendi, aliniambia anafurahi anarudi kwao na ukweli, na mimi nikamwambia nafurahi nimebaki nao. Tangu hapo, kabla ya mechi, mama mkwe huinua mkono wa mkwewe mbele ya mwamuzi, halafu tunaanza. Bosi wangu wa kwanza aliniambia filimbi haina mkwe. Ni kweli, lakini anayeipuliza anaye, na wanaochezeshwa wanao, na afadhali kulisema hilo kabla ya kupuliza.

Nilipostaafu vijana wa ofisi waliniandalia mechi, wakanivika GS, na kwa utundu wao wakampanga Editha, mke wa mwanangu, kuwa GK. Mimi mwenyewe niliuinua mkono wake. Alinizuia dakika kumi na tano, sikupata hata goli moja, na sijawahi kufurahia kukosa namna ile. Kesho yake goti likaniuma, safari hii la kweli, na Editha ndiye aliyelichua.