Wana Wawili wa Bechan

Kadi ya arusi ilifika Labasa, Fiji, siku ya Jumanne, nakala moja tu, ili mama wa bibi arusi aipitie kabla haijachapwa. Phulmati aliipokea mikono ina unga wa roti, akajifuta kwenye pindo la sari, akaketi kibarazani kuisoma. Kisomo chake ni cha darasa la nne, cha Kihindi tena, lakini kadi ya arusi ya binti yako unaisoma hata kama ni kipofu.

Kwetu kadi haitaji maharusi peke yao. Inamtaja na babu, na kijiji alichotoka India kabla ya kuletwa Fiji kukata miwa kwa mkataba, na hapo ndipo watu wanapojidai. Ramlagan wa mji wa Ba, baba wa bwana arusi, alikuwa ameandika kwa madaha yote: Umesh, mjukuu wa marehemu Sahdeo aliyekuwa mwana wa Bechan, wa kijiji cha Piprauli, wilaya ya Basti.

Phulmati alisoma, akarudia, akarudia tena. Baba yake mzazi, Jhagru, aliyekufa kwa homa yeye akiwa na miaka tisa, alikuwa mwana wa Bechan. Wa Piprauli.

Mwanamke huyu hakuwa mwoga. Mume alimfia shambani, naye akalima ekari nane za miwa miaka kumi, akagombana na wanyapara mpaka wakawa wanamkwepa njiani. Siku hiyo hakuinuka hata kugeuza roti, ikaungua. Sisi watoto wa ndugu hatuoani, wala wajukuu, wala vitukuu. Ni kaka na dada mpaka kizazi cha saba. Na Saroj wake, kitinda mimba, mwalimu wa shule, alikuwa amebakiza siku kumi na mbili azungushwe moto wa ndoa na Umesh.

Alijipa moyo kwamba kina Bechan ni wengi. Lakini Piprauli ngapi, na Basti ngapi? Saroj aliporudi kutoka shule alimwambia, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo, kwamba huenda ingefaa arusi isogezwe mpaka miwa ivunwe.

"Ma, mimi na miwa wapi na wapi?" Saroj alicheka. Kisha akamtazama mama yake usoni, na kicheko kikamkauka. Akauchukua mkono wake akauweka juu ya tumbo. "Mwezi wa tatu huu. Usinipige."

Phulmati angempiga, nguvu ndizo hakuwa nazo. Habari ya kadi hakuthubutu kuitaja. Alisema anakwenda Suva kununua sari, na kesho yake akapanda meli.

Huko Suva alikwenda moja kwa moja kwenye ofisi ya kumbukumbu, zinakotunzwa hati za wote walioletwa kwa mkataba, kila mtu na karatasi yake. Karani alikuwa Ilaitia, Mfiji mwenyeji wa makamo, anayezungumza Kihindi kuwashinda wajukuu zetu. Alimtania kwamba Wahindi mna shida nyie, mkimpata babu mnalia, mkimkosa mnalia. Phulmati hakucheka. Alitaja majina mawili.

Zilikuja karatasi mbili, na namba zake zilifuatana. Meli moja, siku moja, mwaka 1908. Ilaitia alimsomea polepole. Sahdeo, miaka ishirini na miwili, baba Bechan. Jhagru, miaka ishirini, baba Bechan. Kabila moja, kijiji kimoja. Palipoulizwa ndugu wa karibu wa Jhagru, paliandikwa: kaka yake, Sahdeo, yumo melini.

"Basi," Phulmati alisema. Akainuka aende zake.

"Ngoja kwanza, mama. Hizi karatasi zina uongo wake." Akamweleza alichokiona kwa miaka ishirini ya kazi ile. Kule Calcutta, kambini walikosubiria meli, watu waliotoroka kwao waliogopa kutenganishwa. Wawili wakipatana wanakwenda kwa mwandishi wanasema sisi ni ndugu, na mmoja anaazima baba wa mwenzake, na kijiji chake, na kabila lake. Aliwahi kukuta Mhindu na Mwislamu wa baba mmoja. Ndugu wa meli, ndivyo wazee walivyoitana, na walizikana kama ndugu.

"Sasa nitajuaje kama hawa ni wa damu au wa meli?"

"Kwa karatasi hutajua. Muulize aliyekuwemo."

Aliyekuwemo alibaki mmoja tu duniani: Jasodra, mjane wa Sahdeo aliyekuja naye meli moja, bibi yake Umesh, umri wake themanini na minne, na alikuwa anaishi Ba nyumbani kwa Ramlagan. Kumuuliza yeye ni kuichoma nyumba kwa mkono wako. Akisema walikuwa ndugu, arusi imevunjika palepale, na Saroj atabaki na tumbo lake Labasa nzima ikimtazama. Na usipomuuliza? Utamkabidhi mwanao kwa kaka yake, moto ukishuhudia. Njia nzima ya kwenda Ba Phulmati aliomba, bila kujua anaomba jibu lipi.

Nyumba ilikuwa na pilikapilika za kukaanga vitamu vya arusi. Alisema amekuja kumwamkia bibi tu. Jasodra alikuwa uani kwenye mkeka anamenya mbaazi kwa kupapasa, macho yamefunikwa na mtoto wa jicho. Phulmati alimgusa miguu, akangoja mpaka wakawa wawili peke yao.

"Bibi, unamkumbuka Jhagru?"

Mikono ya ajuza ikasimama. "Jhagru yupi?"

"Mwana wa Bechan. Ndiye baba yangu."

Machozi yakamtoka Jasodra. Alisema Sahdeo alimtafuta Jhagru mpaka anaingia kaburini. Wenye mashamba waliwagawa siku ya kushuka tu, huyu Ba, yule hajulikani wapi, na barua hakuna ajuaye kuandika.

"Bibi, walikuwa ndugu wa tumbo moja?"

Bibi aliweka mbaazi chini. Alinyoosha mkono, akapapasa mpaka akaupata wa Phulmati, akaushika. "Msichana ana mimba?"

Phulmati alitaka kukana, ulimi ukagoma. "Miezi mitatu."

Jasodra akarudia mbaazi zake. Akamenya moja, akamenya ya pili.

"Hawakuwa ndugu," akasema. "Walikutana kambini Calcutta. Baba yako hakuwa na mtu, Sahdeo akamwonea huruma, akamwambia mwandishi weka baba mmoja. Nilikuwepo, nilisikia kwa masikio yangu."

"Na undugu wa meli, bibi? Si nao mliuheshimu kama wa damu?"

"Huo nitaubeba mimi. Wa meli ile nimebaki peke yangu. Nenda mwanangu, kapike arusi."

Phulmati alilia miguuni pake mpaka wakwe wakaja mbio kuuliza kulikoni, akawaambia ni furaha, na kwa kweli ilikuwa furaha. Alikunywa vikombe viwili vya chai ya maziwa, akala kila alichopewa. Ndani ya meli ya kurudi Labasa alikuwa anatabasamu na watu asiowajua.

Kisiwa chao, Vanua Levu, kilipoanza kuonekana, ndipo lilipomjia. Bibi aliuliza kwanza habari ya mimba, jibu likaja baadaye. Akashika ukingo wa meli kwa mikono miwili. Kama hawakuwa ndugu, mimba ilikuwa na haja gani ya kuulizwa?

Arusi ilifanyika. Jasodra alikaa mbele, akawabariki. Phulmati alimwendea mara mbili, na mara zote mbili bibi alisikia hatua zake akageukia mtu mwingine kwa maongezi. Miezi minne baadaye alikufa usingizini, na Phulmati akamlilia kuliko wanawe.

Saroj alirudi kwa mama yake kujifungua, na mtoto alizaliwa hospitali ya Labasa, wa kiume, mnene, sauti imemjaa. Phulmati alimfunua blanketi, akamhesabu vidole vya mikono, vya miguu, akampapasa kaakaa, akampulizia macho aone kama atapepesa. Wauguzi walicheka wakasema bibi huyu ananunua au anapokea?

"Ma, yuko sawa," Saroj alisema. "Unaogopa nini?"

"Siogopi kitu."

Akaanza kuhesabu upya, kuanzia kidole gumba.