Tawi Bichi Kwenye Bampa

Kabla hujaanza kunicheka, elewa kwamba wasimulizi wa mizimu nawadharau kuliko unavyowadharau wewe. Mizimu yao ina kwato za punda na haitoki ila usiku wa manane. Niliyemwona mimi alikuja alasiri, jua linachoma, amevaa kanga iliyopauka na kandambili zisizofanana. Alikuwepo. Niamini, au acha.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, kila mtu amegeuka mfanyabiashara. Mwalimu aliuza maandazi darasani, na dereva wetu aliuza mkaa kwa gari la wagonjwa. Mimi nilikuwa mhudumu mpya wa gari hilo; kazi yangu kushika dripu, kufuta matapishi na kunyamaza. Dereva aliitwa Sefu. Alikuwa na tumbo kubwa, sauti kubwa, na moyo ambao ungeutia ndani ya kiberiti na njiti zikabaki na nafasi.

Siku hiyo tulitumwa kutoka Kilosa kumchukua mama mmoja Malolo. Uchungu ulikuwa umemshika tangu jana, mtoto amekaa vibaya, na zahanati ya kule haikuwa na mtu wa kumpasua. Kwenda huko unapita Mikumi, na kabla ya Mikumi kulikuwa na geti la maliasili, askari wake wanakamata mkaa usio na kibali. Sasa sikia ujanja wa Sefu. Tulipofika kijiji cha Ulaya alisimama, akalaza magunia mawili ya mkaa juu ya machela, akayafunika kwa shuka jeupe mpaka yakawa na umbo la mtu. Kisha akavunja tawi bichi, akalifunga kwenye bampa. Kwetu gari lenye tawi limebeba maiti. Watu husimama kimya likipita, na hakuna askari wa geti anayethubutu kufunua shuka.

"Kaka Sefu, mgonjwa anatusubiri," nikasema.

"Si anasubiri? Basi hakimbii. Wewe binti kaa hapo nyuma, nuna kidogo. Una sura nzuri ya msiba."

Akacheka. Hebu niambie, mtu wa namna hiyo unamwitaje?

Tulipofika kwenye mashamba ya mkonge yaliyotelekezwa, bibi mmoja alisimama katikati ya barabara na kunyoosha mkono. Sefu alifunga breki huku anatukana. Afanyeje? Mwenye tawi hawezi kumkatalia mtu anayetaka kuaga maiti. Bibi akapanda nyuma, akaketi mbele yangu. Nikafunga mlango kwa komeo.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Poleni na msiba."

"Shikamoo mama!" Sefu akaita kutoka kwenye usukani.

Kimya. Akarudia kwa sauti zaidi. Bibi alinitazama mimi tu.

"Marehemu haamkii mtu," akasema kwa upole, kama ananifundisha kusuka ukili.

Kisha akafunua shuka. Nilitarajia magunia. Alikuwa Sefu. Tumbo lake, masharubu yake, pamba puani, vumbi la mkaa kwenye kope. Nikainua macho, na Sefu yuleyule alikuwa mbele anaendesha, shingo yake nene inatoka jasho. Kisa kingependeza zaidi ningesema nilipiga kelele. Sikupiga. Bibi aliufunika ule uso, akachomeka pembe za shuka kama anayemlaza mtoto.

"Mkamwahi yule anayejifungua," akasema. "Huyu hana haraka tena."

Tulipofika getini bibi hakuwemo. Hatukuwa tumesimama popote, na komeo lilikuwa palepale nilipolifunga. Askari alivua kofia, akainua kizuizi, akaja dirishani kwangu.

"Pole dada. Dereva wenu amekwenda wapi?"

"Mimi hapa! Huoni?" Sefu akafoka.

Askari aliendelea kuningoja mimi nijibu. Sefu akakanyaga mafuta, na yule kijana tukamwacha mdomo wazi, kofia mkononi.

Ubabe wote ukaishia hapo. Mbele kidogo alisimama, akayatupa magunia mtaroni, akang'oa tawi, huku analia makamasi yanachuruzika kwenye masharubu. Baada ya hapo aliendesha kama mwizi anayekimbizwa.

Mama tulimfikisha hospitalini akiwa hai. Mtoto hakuwa hai. "Mngewahi kidogo tu," daktari akasema. Kidogo kiasi gani? Muda wa kulaza magunia na kuvunja tawi.

Sefu bado yupo Kilosa, kichwa chote mvi. Umri wake ni wa kuamkiwa, lakini hakuna anayemwamkia, na tangu siku ile hakuna mzee aliyemwitikia. Wanampita kama wanavyopita kisiki. Siku hizi husimama nje ya soko akiwaamkia watoto wa shule. "Shikamoo," anawaambia, mzee mzima, "shikamoo jamani." Watoto hutazamana, wakiulizana nani amesema.

Mimi namsikia vizuri. Napita.

Nawe unayeshika usukani wa gari la wagonjwa na kujiona mjanja, usitandike shuka juu ya uongo. Shuka la maiti halikai bure. Kama hakuna wa kulala chini yake, atatafutwa, na wa kwanza kuonekana ni yule aliyelitandika.