Mashine ya kadi ya Neema na jirani asiye na haya

Neema wangu sasa anapokea malipo kwa kadi! Kwenye duka lake la vitenge, hapa hapa Kariakoo, mwanangu wa kumzaa!

Haya, hamjambo wapendwa?

Mimi nimechefukwa mpaka chai imenishinda.

Baba Glory, jirani yetu anayeuza mashuka, wiki nzima anawanong'oneza wateja: "Msiingie pale, ile mashine inakomba akaunti."

Leo si kaja mwenyewe!

Kabeba mzigo wa mashuka, kaongozana na mama mgeni kutoka Lubumbashi aliyeyachagua kwake. Mgeni hana keshi, ana kadi tu.

"Neema mwanangu, pitisha kadi ya huyu mama kwenye kamashine kako, halafu unipe keshi."

Kamashine! Mdomo ule ule!

Mgeni akashtuka. "Lakini baba, si umeniambia hapa wanaiba?"

Jamani. Baba mzima akaanza kufunga upya mzigo uliokwisha kufungwa.

Mimi nilishashika fagio. Neema (kalelewa na nani?) akasema taratibu: "Baba, benki hairuhusu nipitishe mauzo ya duka lingine, watanipokonya mashine. Nenda benki na leseni ya biashara, TIN ya mlipakodi na namba ya akaunti, uombe yako."

Mgeni akaacha mashuka, akachukua vitenge kumi. Kwa kadi!

Ingekuwa wewe, ungemfanyaje Baba Glory?

Njooni wote na kadi zenu. Baba Glory, na wewe lete leseni, Neema atakusaidia kujaza fomu. Ulimi uache nyumbani.

Tunawasubiri dukani Jumamosi hii, asubuhi.