Mtoto Aliyeandikwa Amechanjwa

Siku ya tatu tangu lalamiko la kliniki lifike, nilikuwa bado naulaumu mfumo. Ukurasa wa kliniki niliuandika kwa Java, lugha ya kompyuta: jedwali la akina mama, na ukimbonyeza mama mmoja linafunguka jedwali jingine ndani yake, la watoto wake na chanjo zao. Muuguzi akiongeza chanjo, jedwali la ndani hujibadilisha lenyewe bila ukurasa mzima kufunguka upya. Ofisini kwetu Mji Mkongwe lilifanya kazi vizuri. Kule shamba, kaskazini, wiki tatu nyuma lilimwandika mtoto wa miezi tisa kuwa ameshachomwa chanjo ya surua, na mama yake akarudishwa nyumbani. Mtoto hakuwa amechomwa kitu.

Nilishafuta kumbukumbu za kivinjari. Nilishaligawa jedwali, nikaliunganisha tena, nikasoma ujumbe wa seva mstari kwa mstari mpaka macho yakaniwasha. Chuoni nilikuwa nawabishia walimu juu ya kila kitu. Sasa nilikuwa na mashaka na kila kitu isipokuwa mistari niliyoiandika mwenyewe.

Asubuhi ya nne nilikwenda kliniki.

"Shikamoo."

"Marahaba," muuguzi alijibu bila kuinua kichwa. "Mashine yako inanigombanisha na watu, mwanangu. Jana nimeitwa kipofu mbele ya foleni nzima."

Nilimwomba aongeze chanjo ya majaribio kwa mama aliyekuwa wa tisa. Akaongeza. Ikatokea kwa mama wa nne. Tukarudia, ikaenda kule kule. Nikamsomea majina ya wale mama wawili, yalikuwa sawa la kwanza na la mwisho, nikamuuliza kama anawajua.

"Nawajua tangu wanasimama dede. Watoto wa mtu na ndugu yake hao. Baba zao kila mmoja alimpa binti yake jina la mama yao, bibi wa hawa."

"Na la mwisho pia ni moja?"

"La babu. Kwani wana babu wangapi?" Akanitazama. "Jina la baba umelipeleka wapi?"

Sikulipeleka popote. Fomu yangu ilikuwa na nafasi mbili, jina la kwanza na la mwisho, kama mifano yote niliyofundishiwa. Majina hayo mawili ndiyo niliyoyafanya alama ya kuutambua kila mstari, na jedwali likikuta alama mbili zinazofanana linachukua ya kwanza. Mimi nimezaliwa Unguja. Nina binti ami ambaye tunaitwa jina moja, bibi yetu mmoja, babu yetu mmoja. Tangu utotoni watu wakituita hutaja baba zetu.

Nilirekebisha pale pale kwenye benchi la wagonjwa, kila mama akapewa namba yake. Haikuchukua dakika kumi. Muuguzi akajifunga kanga vizuri, akachukua kisanduku cha barafu chenye chanjo.

"Twende kwa yule wa nne," alisema. "Hajarudi tangu nimfukuze."

Nyumba ilikuwa nyuma ya msikiti. Mama alikuwa amekaa kwenye jamvi, mtoto kifuani, macho ya mtoto mekundu yanatoa machozi. Muuguzi alimgusa paji la uso, akamfunua midomo, akatazama ndani ya shavu kwa muda. Nyuma ya masikio vipele vilishaanza.

"Tangu lini ana moto huu?"

"Juzi. Si mlinambia keshachomwa? Nikajua ni meno."

Muuguzi alifunga kisanduku.

"Leo hachomwi," alinambia polepole. "Atakwenda hospitali. Huyu chanjo imemkosa, surua imeshamwingia."

Mama alitutazama mmoja baada ya mwingine. Sijui alitaka kujua nini kwangu.

"Mfutie ile alama ya chanjo," muuguzi alisema.

Nilifungua kompyuta mlangoni, nikambonyeza yule mama, nikaifuta chanjo ya mwanawe. Jedwali la ndani lilibadilika papo hapo, mstari ule ule, bila kosa.