Siku Mtoto wa Sister Alijipaka Chungwa

Sister yangu aliporudi kazini saluni, mimi nilitolewa kwa mama kule Kianda nikaletwa kwake Kabiro nimshikie mtoto likizo yote. Yaani, kama ningefaulu. Alisema ananijaribu kwanza, na nikivuruga anamleta auntie yetu, yule anayeanza kukoroma kabla hajafika kitini. Sikutaka kurudi nyumbani. Mimi hata dukani huwa naonyesha kitu kwa kidole badala ya kuongea, na huyo mtoto wa miezi minane ndiye mtu pekee niliyekuwa nampigia stori bila kutokwa na jasho.

Kliniki walikuwa wamesema anaweza kuanza machungwa, kidogo kidogo. Sister akanionyesha: toa mbegu, toa ile ngozi nyembamba ya kipande, katakata ndogo ndogo asije akakabwa koo, halafu uone kama litamkubali. Siku ya kwanza mtoto alikunja uso kama mtu amemwagiwa maji baridi mgongoni. Nikadhani ni kilio kinakuja. Akafungua mdomo kuomba nyingine.

Siku ya pili nilikuwa nje kando ya bomba la ploti, jua limewaka, mtoto amevaa nepi tu, nikimenya. Jirani wetu wa kutoka Kitui akaja na ndoo zake. Yeye hutumiwa machungwa kwa gunia kutoka kwao na huyasifu kama watoto waliopita mtihani.

"Wewe kasichana, unafanyia chungwa opareshoni?"

"Ni kliniki ilisema, auntie," nikajibu, kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia.

"Kwetu mtoto anapewa nusu anajipigania."

Akatoa moja lake mfukoni, akalipasua kwa kisu changu, akachokoa mbegu kwa ncha, akampa mtoto nusu. Mtoto akajipigania kweli. Alifyonza kidogo, kilichobaki chote akajipaka: kidevu, shingo, kifua, mpaka kitovu. Tukacheka sana. Baada ya muda tukaacha kucheka, kwa sababu kila mahali alipojipaka palikuwa pamekuwa pekundu.

Jirani wa mlango wa pili, mama wa kutoka upande wa ziwa, akatoka na mwiko mkononi. "Ona sasa! Si nilisema aanze na supu ya omena? Omena haijawahi kupaka mtu rangi."

"Omena!" yule wa Kitui akaruka. "Kasamaki kanakuangalia na macho ukikakula!"

"Afadhali iniangalie kuliko inichome."

Mmoja akasema apakwe mafuta ya kupikia, mwingine akasema majivu. Mtoto alikuwa akimchekea kila mmoja kwa zamu. Mimi akilini nilishaona auntie anayekoroma akiingia na begi lake. Nikamfunga mtoto kwa leso, nikakimbia kliniki.

Benchi lilikuwa limejaa akina mama. Daktari, mwanamke mwenye miwani, akauliza shida ni gani. Nikamwonyesha mtoto kwa kidole.

"Naona ni mtoto. Shida?"

Sijui kilichonipata. Sauti ilitoka yote mara moja: "AMEKULA CHUNGWA!"

Benchi zima likageuka kunitazama. Nadhani hata watoto wao.

"Midomo imefura? Anapumua vizuri? Ametapika?"

"Hapana, hapana. Eeh, anapumua."

"Mmemuosha?"

Nikakitazama kifua cha mtoto, bado kinanata. Tulikuwa watu wazima wawili na mimi, tumesimama kando ya bomba, ndoo zimejaa, na hakuna aliyemuosha.

Daktari akampangusa kwa kitambaa na maji. Akasema maji ya chungwa ni makali, yakikaukia kwenye ngozi laini yanaiwasha. Akila tena, nimpanguse mara moja. Lakini uso ukifura, au akianza kutapika au kupumua kwa shida, niende hospitali mbio. Tulipokuwa tunaondoka wekundu ulikuwa umeanza kufifia na mtoto alikuwa anajaribu kula leso.

Sister alikuwa ameshafika ploti. Majirani wote wawili walikuwa wamempigia simu, kila mmoja na habari yake. Alisimama getini na eproni ya saluni, glavu nyeusi mikononi, akihema.

"Nini kimetokea?"

"Mimi nilisema omena..." mmoja akaanza.

"Ngojeni kwanza," nikasema. Nikamweleza sister yote, mpaka ile ya kutomuosha. Halafu nikamgeukia jirani wa Kitui. "Auntie, machungwa yako ni matamu. Lakini kesho namkatia mimi."

"Kumbe haka huongea!"

"Na kanaamuru," akasema yule wa omena.

Sister alimfunua mtoto, akamkagua tumbo, akamnusa kichwa. Kisha akashtuka. "Woi! Nimeacha mtu na rangi kichwani!"

Akanirudishia mtoto na kutoka mbio, glavu juu, bila kusema neno lolote kuhusu kumleta auntie anayekoroma.