Tawi Jeusi Kwenye Sinia

Mtaani wanamwita Sindano. Wasiomjua hudhani ni kwa ajili ya wembamba, kisha wakimwona hucheka, maana wembamba na yeye waliagana zamani. Jina lilitokana na kazi. Mumewe hukereza masinia ya mbao kwenye mashine, na yeye huyatia njumu: huchonga mfereji mwembamba kwenye mbao nyeupe, akaupachika ukanda wa mbao nyeusi, na ukipitisha ukucha kwenye kiungo husikii kitu. Miaka kumi na minane hakuna mteja aliyerudisha kazi yake. Mtangazaji mkuu wa habari hiyo ni yeye mwenyewe.

Na hapo ndipo penye shida. Mwaka jana mumewe aliangusha bakuli, moja tu, na Sindano akampachika jina: Bwana Mponyoko. Alimwita hivyo mbele ya wateja, mbele ya wakwe, hata siku aliyokuwa na homa na kikombe cha dawa kikamtetemeka mkononi. Wiki ya kwanza mume alicheka. Baadaye akawa ananyamaza tu, na mkewe hakuona tofauti.

Sasa tuje kwenye jana. Jana mchana alilichukua sinia lililoagizwa na walimu wa shule kumuaga mwalimu mkuu wao, akalipeleka dirishani kwenye mwanga ajisifie pete mbili nyeusi alizokwisha kuzipachika. Likamponyoka. Sakafu yao ni ya saruji, na saruji haina huruma. Lilitoa mlio mmoja mkavu, likayumba, likatulia. Aliliokota akiwa amebana pumzi. Ufa ulianza ukingoni ukaelekea katikati, mwembamba kama unywele, mrefu kuliko kidole cha shahada.

Mtu mwenye akili zake angemwita mumewe, aliyekuwa chumba cha pili tu akinoa patasi. Sindano alifungua mdomo. Akalisikia lile jina la Mponyoko likija mbio kumtafuta mwenyewe aliyelitunga, akaufunga. Alitia gundi kwenye ufa, akaubana kwa vibano, na gundi ilipokauka akachonga mfereji juu yake, akapachika shina jeusi, na kando ya shina akaweka majani matano ya mbao nyekundu. Kufika jioni ufa haukuonekana tena. Palikuwa na tawi, na lilikuwa zuri kuliko kitu chochote alichowahi kukitengeneza. Alilitazama akaogopa.

Aliogopa kwa sababu kazi ya njumu haiishii kwake. Vipande huachwa vimechomoza kidogo, kisha sinia hurudi kwenye mashine, likafungwa, likazungushwa kwa kasi mpaka patasi ya mume isawazishe kila kitu. Mbao nzima huvumilia. Mbao yenye ufa inaweza kupasuka ikiwa kwenye mwendo, na mwenye kusimama mbele yake ni mkerezaji. Mtaa wa nyuma kuna fundi aliyepoteza jicho hivyo hivyo, na kioo cha uso alikuwa amekivaa. Sindano alikuwa miongoni mwa waliomkimbiza hospitali, kitambaa kilicholowa damu kikiwa mkononi mwake. Kwa hiyo tusimtafutie udhuru wa kutojua.

Asubuhi alimkabidhi mumewe sinia.

"Hili tawi limetoka wapi?" mume akauliza. "Kwenye mchoro ni pete mbili tu."

"Nimemwongezea mwalimu. Zawadi ya mtu anayestaafu isiwe kavu kavu."

Mume akaligeuza chini juu, akaligeuza tena. "Huna la kuniambia?"

"La nini tena, baba watoto? Nenda kakereze, dada yako anakuja kulichukua."

Akaenda nalo karakana, akafunga mlango. Sindano alibaki barazani na maneno yakiwa mdomoni, mazito, hayamezeki wala hayatemeki. Alijiambia atakunywa maji kwanza, kisha aende.

Maji hayakunyweka, kwa sababu wifi yake aliingia. Huyu ni dada wa mume, mwalimu katika shule ya huyo mwalimu mkuu, na ndiye aliyeileta kazi yenyewe. Mwanamke mcheshi, akikaa mahali haondoki mpaka viti vichoke. Alijivutia kigoda, akaukuta ungo wa maharage, akaanza kuchambua bila kuombwa.

"Kaka yangu yuko wapi?"

"Ndani. Analimalizia."

Mashine ikawaka. Ilianza na mngurumo wa chini, ikapanda, kisha patasi ikagusa mbao. Sindano alisimama, akakaa. Sasa aseme vipi, dada mtu akiwa pale pale? Amwambie nini? Wifi, nimempeleka kaka yako kwenye hatari ili nisichekwe? Alijiambia mwanzo huwa polepole, na polepole haina neno. Mashine ikazimwa. Kimya kilikuwa kirefu, akashusha pumzi, akashukuru.

"Wifi, mbona unatoka jasho?"

"Moto wa jiko."

"Jiko gani? Tangu nimekaa hapa halijawashwa."

Sindano akacheka kicheko cha kukopa. Wifi alitupa punje mbovu uani, akaendelea kusimulia habari za mwalimu mkuu, jinsi anavyolia kila anapokumbushwa kuwa anastaafu, na jinsi walimu walivyopanga kulificha sinia kabatini asilione mapema. Alikuwa akifurahi kweli. Kila alipocheka, Sindano alimwona ana sura moja na kaka yake, kuanzia paji la uso mpaka macho.

Mashine ikawaka mara ya pili, safari hii kwa kasi zaidi. Kuta za karakana ni za mabati, nazo zikaanza kutetemeka. Sindano alizitazama punje za maharage bila kuziona. Mwendo huu ndio uliomla jicho yule fundi, na alijua. Alikuwa na hofu ya kumpoteza mume, na bado alikuwa na aibu, na aibu ndiyo iliyokuwa imekaa mbele. Akaanza kuhesabu. Ikifika hamsini nasimama. Ilifika hamsini, mashine ikazimwa, akajiona mwenye bahati. Kimya kikawa kirefu tena.

"Kazi ya kaka ina kelele," wifi akasema. "Wewe unaizoeaje?"

"Unazoea," Sindano akajibu.

Mara ya tatu mashine ilinguruma kuliko zote. Hapo roho ilimruka. Aliinuka, maharage yakamwagika, akakimbia mpaka mlangoni mwa karakana, akaushika mlango kwa mikono miwili. Neno lilikuwa moja tu: ufa. Alivuta pumzi, akapiga kelele kwa nguvu zake zote:

"Baba watoto! Zima mashine, njoo unywe chai!"

"Chai ipi?" wifi akauliza nyuma yake.

Mashine ikazimwa. Mlango ukafunguliwa, na mume akatoka, mzima, na macho yake yote mawili. Sindano alitaka kumkumbatia palepale mbele ya dada yake. Kisha akaiona aproni. Ilikuwa imejaa vumbi jekundu. Sinia lilikuwa la mbao nyeupe.

Mume alirudi ndani hatua mbili, akatoka nalo, akaliweka kwenye kigoda. Tawi lilikuwa bado limechomoza, halijaguswa.

"Sikulifunga kwenye mashine," alisema. "Kabla ya kuwasha nililigonga kwa kidole. Mbao nzima ukiigonga inaitika. Hili lilitoa sauti ya kukwaruza tu."

"Sasa muda wote huo ulikuwa unakereza nini?" dada yake akauliza, akicheka kwa kutoelewa.

"Kibao kibovu."

Hakumtazama dada yake. Alikuwa akimtazama mkewe, wala hakuwa na hasira. Sindano angetoa chochote awe na hasira.

"Nimewasha mara tatu, mama watoto. Kila nikizima, nautazama mlango. Najisemea, sasa anakuja kuniambia."

"Nimekuja," Sindano akasema, machozi yakimtoka. "Nimekuita, umenisikia."

"Nimekusikia," mume akasema. "Umeniitia chai."